Kusitisha, Kuahirisha na Kukomesha: Funzo kutoka Historia Yetu

Mwanafunzi mmoja hapa Gisenyi aliandika katika insha yake: "Jenoside dhidi ya Watutsi ilisitishwa mwezi Julai 1994." Sarufi ya sentensi hiyo haina kasoro. Kasoro imo katika kitenzi, nayo si ndogo.

Chanzo chake ni Kinyarwanda. Guhagarika hutokana na guhagarara, kama kusimamisha kunavyotokana na kusimama. Kitenzi hicho hubeba maana mbili: guhagarika imirwano ni kusimamisha mapigano, pengine kwa muda tu, guhagarika Jenoside ni kuimaliza kabisa. Muktadha ndio huamua, au msemaji huongeza by'agateganyo, yaani kwa muda.

Kiswahili hugawa kazi hiyo. Kusitisha hutokana na kusita. Anayesita bado anaweza kuendelea. Kuahirisha, neno lenye asili ya Kiarabu, ni kusogeza jambo hadi siku nyingine. Kinyarwanda husema gusubika. Kukomesha hutokana na kukoma, yaani kufika mwisho.

Tuvipime vitenzi hivi kwa historia. Vita vilivyoanza Oktoba 1990 kati ya serikali na RPF vilisitishwa kwa mkataba uliotiwa saini N'Sele, Zaire, tarehe 29 Machi 1991, ukarekebishwa Gbadolite mwezi Septemba, kisha Arusha tarehe 12 Julai 1992. Ilikuwa kusitisha kweli, kwani tarehe 8 Februari 1993 mapigano yalirejea kwa nguvu. Mkataba wa Amani wa Arusha wa tarehe 4 Agosti 1993 ulikusudia kuvikomesha vita. Lakini mapema mwaka 1994 kuapishwa kwa serikali ya mpito kuliahirishwa mara kadhaa.

Jenoside iliyoanza Aprili 1994 haikusitishwa. Serikali iliyoiongoza ilikimbilia mji wetu huu wa Gisenyi, na katikati ya Julai ikavuka mpaka kuingia Goma mbele ya majeshi ya RPF. Mauaji hayo yalikomeshwa. Kuandika "ilisitishwa" ni kumwachia msomaji swali la kutisha: itaendelea lini?

Ni kweli kwamba magazeti hutumia kusitisha hata kwa jambo lililokwisha, kama vile kusitisha mkataba. Hiyo ndiyo sababu zaidi ya kuwa waangalifu. Tangu Bunge la Rwanda lilipoidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017, wanafunzi tunaowafundisha leo ndio watakaotafsiri sheria na hukumu kesho. Mtumishi aliyesimamishwa kazi hajafukuzwa. Kesi iliyoahirishwa haijafutwa.

Walimu wenzangu, kabla mwanafunzi hajatafsiri guhagarika, na ajiulize swali moja: je, jambo hili linatarajiwa kuendelea? Jibu litamchagulia kitenzi.