Magereza: Kati ya kumfunga mhalifu na kumrekebisha

JESHI la Magereza Tanzania, lililotenganishwa na Polisi Agosti 25, 1931 na kuwa idara inayojitegemea, lina majukumu mawili yasiyopatana kwa urahisi: kumzuia mhalifu asitoroke, na kumwandaa arudi uraiani akiwa raia mwema.

Kwa wakazi wa Mpui, kando ya barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, mfano wa karibu ni Gereza la Mollo, Sumbawanga. Hilo ni gereza la kilimo, na katika uwanda wa Ufipa kilimo maana yake ni mahindi. Wafungwa hulima, hupalilia na kuvuna chini ya ulinzi wa askari.

Kazi hiyo hutazamwa kwa namna mbili. Julai 2018, Rais wa wakati huo, hayati John Magufuli, alitaka wafungwa wafanye kazi na kujilisha badala ya kuitegemea Serikali. Kwa upande wa urekebishaji, kazi ina maana pale tu inapomwachia mfungwa ujuzi atakaoutumia akitoka. Ndiyo sababu lipo pia fungu la ufundi, kama vile ushonaji wa viatu katika Gereza la Karanga, Moshi.

Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 inampa mfungwa mwenye tabia njema msamaha wa theluthi moja ya kifungo kinachozidi mwezi mmoja. Sheria ya Bodi za Parole ya mwaka 1994 inaruhusu baadhi ya wafungwa waliotumikia theluthi ya adhabu kuimalizia nje kwa masharti, ingawa haiwahusu wa kifungo cha maisha wala wa unyang'anyi wa kutumia silaha. Anayekiuka masharti hurudishwa gerezani.

Kwa makosa madogo, Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002 inaiwezesha mahakama kumpa mkosaji kazi ya umma bila malipo badala ya kifungo kisichozidi miaka mitatu. Mkulima wa Mpui anayepewa adhabu hiyo hulala nyumbani na shamba lake halibaki pori.

Rais naye, kwa Ibara ya 45 ya Katiba, anaweza kusamehe. Desemba 9, 2017 msamaha uliwagusa wafungwa 8,157, na 1,828 kati yao waliachiwa siku hiyo. Msamaha hupunguza msongamano. Hautoi ufundi wala mtaji. Hayo mhusika huyapata gerezani kabla ya kutoka, au huyakosa.