Mfululizo

Waandishi wengi wa michezo siku hizi huandika "msururu wa ushindi". Sikubaliani nao. Msururu ni watu au magari yaliyopangana, na katikati panaweza kubaki nafasi. Mfululizo umetokana na kufululiza: mgeni aliyefululiza hadi chumbani hakusimama mlangoni kusalimia mtu. Ushindi mmoja ukikosekana, mfululizo umekatika.

Lakini neno hili linadai jambo moja: useme ni mfululizo wa nini. Mchukue Ingemar Stenmark wa Sweden, bingwa wa kuteleza kwenye theluji. Kati ya 1978 na 1980 alishinda mara 14 mfululizo katika slalomu kubwa ya Kombe la Dunia. Mchezo huo hauna huruma: mshindani huteremka mlima akipinda kati ya milingoti, mara mbili, na muda wa mizunguko yote miwili hujumlishwa. Kuteleza vibaya kidogo tu kunatosha kumpokonya ushindi. Ukiandika "alishinda mashindano 14 mfululizo" umekosea, kwa sababu katika kipindi hichohicho alishindwa kwenye baadhi ya slalomu za kawaida. Andika "slalomu kubwa 14 mfululizo", na kila neno litakuwa kweli.

Tofauti hiyo ilionekana hata kwenye tuzo: msimu wa 1978/79 alishinda slalomu kubwa zote 10. Kombe la jumla la aina zote za mbio likaenda kwa Mswisi Peter Lüscher, maana kanuni ziliweka kikomo cha matokeo yanayohesabiwa katika kila aina ya mbio.