Mashua ya Mtumba

Kwetu Njombe baridi imeshika barabara. Asubuhi majani huwa meupe kwa umande ulioganda, na mtu mwenye akili zake hasogei mbali na moto. Nami nilikuwa nimekaa motoni Jumamosi iliyopita wakati mpwa wangu aliposhuka kwenye basi la kutoka Makambako akiwa ameniletea, msishangae, habari za bahari.

Huyu mpwa wangu ni mfanyabiashara wa mbao pale Makambako. Alinisalimu kwa adabu, "Kamwene, mjomba," akaketi, akatoa karatasi mfukoni. Lilikuwa tangazo la chombo kinachouzwa: mashua kubwa ya matanga, iliyotumika, yenye matumbo mawili yaliyounganishwa kwa sitaha moja, ya aina iitwayo katamarani. Imeshavuka bahari kuu zaidi ya moja, na sasa imetia nanga pwani ikingoja mnunuzi. Yeye na wenzake wawili wanataka kuinunua wachukue watalii kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja na Mafia. Fedha zitatoka wapi? Zitatoka kwenye shamba la paina alilolipanda marehemu dada yangu kwa mikono yake mwaka 2008, miti ambayo sasa imefikia kukatwa.

"Mjomba," akasema, "wewe umefundisha historia miaka mingi. Niambie kama huu ni wazimu."

Nikamwomba anipe juma moja. Yafuatayo ndiyo niliyomjibu, nami sikumjibu kama mtu wa pembeni, maana shamba lile ni la ukoo.

Najua wapo watakaocheka, Mbena na bahari wapi na wapi! Lakini marehemu baba yangu alikwenda Tanga kama manamba, kukata mkonge, kama walivyokwenda maelfu ya Wabena na Wakinga wakati wa ukoloni. Aliporudi alituletea blanketi, baiskeli moja iliyochakaa, na hadithi ya ngalawa. Alituchorea kwa kijiti kwenye vumbi la uani: mtumbwi mwembamba wa gogo moja, na kila ubavu una ubao unaoelea, matengo, ulioshikwa na miti iliyolazwa kukatisha mtumbwi. Tulimwuliza kwa nini haupinduki. Akasema, "Kwa sababu umepanua miguu."

Basi baba yangu, ambaye hakusoma hata darasa moja, alikuwa ameeleza siri yote ya katamarani. Chombo cha kawaida cha matanga cha kuvuka bahari kina tumbo moja, na chini yake mkuku uliotiwa chuma au risasi nzito. Upepo ukikilaza, uzito ule hukivuta kikasimama tena. Katamarani haina uzito huo. Husimama kwa upana wake tu, kama mtu aliyepanua miguu. Kwa hiyo ni nyepesi, huenda kasi, hailali upande, na abiria hunywa chai yake bila kumwagika. Lakini ikishapinduliwa na dhoruba haijirudishi. Hubaki hivyo hivyo, miguu juu. Hili wauzaji hawaliandiki kwenye matangazo.

Jina lenyewe limetoka kwa Watamili wa kusini mwa India, ambao kwao maana yake ni magogo yaliyofungwa pamoja. Lakini waliolitawala wazo la kupanua chombo ni watu wa visiwa vya mashariki ya mbali. Jamaa zao walivuka Bahari ya Hindi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita wakafika Bukini, na ndiyo maana Kimalagasi cha leo ni ndugu wa lugha zinazosemwa Borneo. Wanahistoria wengi huona kwamba matengo ya ngalawa yetu yalitufikia kwa njia hiyo. Jamaa zao wengine walielekea mashariki, wakiwa na mitumbwi miwili miwili iliyofungwa pamoja, wakavifikia Hawaii na New Zealand bila dira wala ramani ya karatasi.

Wazungu walichelewa kuamini. Mwaka 1937 Mfaransa mmoja, Éric de Bisschop, aliondoka Hawaii na mwenzake katika chombo cha matumbo mawili walichokiunda wenyewe, kiitwacho Kaimiloa, wakapita Rasi ya Tumaini Jema na kufika Cannes, Ufaransa, mwaka 1938. Katikati ya miaka ya 1950 Mwingereza James Wharram alivuka Atlantiki hadi Trinidad pamoja na wanawake wawili wa Kijerumani katika kijichombo cha urefu wa mita saba hivi, na mwaka 1959 akarudi kwa Atlantiki ya Kaskazini katika kingine kikubwa zaidi. Leo boti za matumbo mawili zilizoundwa Australia, zile za Kilimanjaro, huvusha watu kati ya Dar es Salaam na Unguja kila siku. Kwa hiyo aina ya chombo si wazimu. Hapo mpwa wangu alitabasamu. Nikamwambia asubiri.

Neno lililonitia shaka katika tangazo lile ni "iliyotumika". Sisi watu wa Makambako, mji uliokaa kwenye njia panda ya barabara kuu ya Zambia, barabara ya Songea na reli ya TAZARA, tumezoea vitu vilivyotumika. Malori yetu ni mtumba, makoti yetu ni mtumba. Tunadhani tunajua kuchagua. Lakini lori likizimika pale Mtwango dereva hushuka, akaweka majani barabarani, akalala chini ya mti. Baharini hakuna mti.

Tutazame meli zilizotumika katika historia yetu wenyewe. Liemba, ile ya Ziwa Tanganyika, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani, wakikimbia, waliizamisha wenyewe, lakini kwanza mafundi wao waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina tulijualo. Ilikaa chini ya maji miaka kadhaa, kisha ikabeba watu kwa miongo mingi! Umri peke yake, basi, hausemi kitu. Ile grisi ndiyo iliyosema.

Sasa tazameni upande wa pili. Skagit ilikuwa na umri wa miaka 23 tu. Iliundwa Marekani mwaka 1989 kuvusha abiria katika maji ya Puget Sound, karibu na Seattle, maji yaliyokingwa na nchi kavu pande zote. Mwaka 2011 yeye na dada yake Kalama waliuzwa, wote wawili kwa dola 400,000, wakaletwa kwetu. Tarehe 18 Julai 2012, katikati ya msimu wa kusi, Skagit ilitoka Dar es Salaam kwenda Unguja ikapinduka karibu na kisiwa cha Chumbe. Haikuwa katamarani, na chuma chake hakikuwa kimezeeka sana. Ila mkondo wa Zanzibar wakati wa kusi si maji iliyoundiwa. Na msiba ule ulitukuta hata mwaka haujatimia tangu tarehe 10 Septemba 2011, Spice Islander, meli iliyoundwa Ugiriki mwaka 1967, ilipozama kati ya Unguja na Pemba ikiwa imejazwa watu kupita kiasi. Nakumbuka usiku ule nilivyokaa na redio hadi betri zikaisha.

Kwa hiyo nikampa mpwa wangu maswali mawili. Chombo hiki kiliundiwa maji gani? Na aliyekuwa nacho alikipaka grisi, au alikiacha?

La kwanza tangazo linajibu: kiliundiwa bahari kuu, na kimeshaivuka. Hilo ni jema. Ila kilibeba mume na mke na chakula chao. Katamarani hupata nguvu zake katika wepesi, na ukiipakia watu ishirini, makreti ya soda na jenereta, matumbo huzama zaidi, mawimbi huanza kugonga sitaha kwa chini, na kila kiungo hulia. Mwenzake mmoja alikwisha kupiga hesabu ya watu ishirini na wanne. Nikamwambia hesabu hiyo aichane.

La pili ni gumu zaidi, lakini hapo nilimkumbusha kwamba yeye ni mtu wa mbao. Vyombo vingi vya namna hii huonekana ni plastiki tupu, kumbe katikati ya tabaka mbili za nyuzi za kioo pametiwa balsa, mti mwepesi wa Amerika ya Kusini. Pakitobolewa tundu la skrubu bila kuzibwa vizuri, maji huingia polepole, na ile balsa huoza ndani huku nje rangi inang'aa. Mtu wa Makambako hanunui gogo kwa kutazama gome, hulipiga kwa kisogo cha shoka akasikiliza. Na huko hivyo hivyo: chombo kipandishwe nchi kavu, fundi akigonge kwa nyundo ndogo shubiri kwa shubiri, na pale sauti inapofifia ndipo penye maneno. Kisha zitazamwe waya za chuma zinazoshika mlingoti. Hizo huchoka baada ya miaka kumi hivi hata kama zinametameta. Kisha karatasi za umiliki na za ushuru.

Mwenzake wa tatu, naye sitamtaja, alikuwa na shauri jingine: wakishindwa baharini, wakipakie chombo kwenye lori, wakipitishe Makambako hadi Ziwa Nyasa. Nilicheka hadi nikakohoa. Chombo cha urefu wa mita kumi na mbili kina upana wa karibu mita saba, na lami yetu haifiki hapo. Tangu zamani meli za ziwa lile zimekwenda vipande. Hermann von Wissmann ya Wajerumani ilipandishwa hivyo kwa mito ya Zambezi na Shire, ikapitishwa nchi kavu penye maporomoko, ikaanza kazi mwaka 1893. Ndiyo iliyopigwa mizinga na Gwendolen ya Waingereza tarehe 13 Agosti 1914 ikiwa juu ya gati la matengenezo pale Liuli, na nahodha wake akapiga makasia kwa hasira kumwuliza rafiki yake Mwingereza kama amelewa, kwa kuwa habari ya vita haikuwa imemfikia. Hata MV Njombe, meli ya mizigo yenye jina la mkoa wetu, iliundwa na Watanzania palepale Itungi, Kyela, ikakamilika mwaka 2017. Haikupita Makambako juu ya lori.

Mpwa wangu aliondoka kwa basi la jioni bila kusema ndiyo wala hapana. Jana alinipigia simu. Wamekubaliana misumeno isiguse shamba la mama yake mpaka chombo kipandishwe nchi kavu, na gharama ya kukipandisha watalipa wao watatu mifukoni mwao. Nikamwuliza nani atakayegonga. Akasema amempata fundi wa boti, mzee, ila atakwenda naye mwenyewe na nyundo yake.

Nikamwambia aanzie chini ya mlingoti.