Mfupa wa Bawa

Akichinjwa kuku pale Mabwerebwere, Kilosa, hebu vunja, ndugu msomaji, mfupa wa bawa ulioshikana na bega: utauona mtupu, una hewa ndani. Ndivyo Mola alivyompa ndege wepesi. Wepesi huo walikuwa nao pia watambaazi warukao wa Tendaguru, Lindi, yapata miaka milioni 150 iliyopita. Ngozi ya bawa lao ilitandazwa na kidole kimoja kirefu. Mifupa yao, myembamba mno, ilichimbuliwa kati ya 1909 na 1913 pamoja na ile ya mijusi mikubwa. Sifa walipewa wataalamu wa Kijerumani. Lakini waliofukua ni wenyeji, msimamizi wao Boheti bin Amrani. Na wapagazi, miaka michache tu baada ya Maji Maji, wakaibeba vichwani hadi bandarini Lindi. Ingali Berlin.