Diski Ikianza Kugonga: Historia Fupi ya Kuokoa Data Nyumbani

Leo tuache kidogo mambo ya kuandika programu, tuongee kuhusu chuma. Ukishajulikana hapa Lodwar kwamba ulisomea kompyuta, basi kila diski ngumu iliyogoma itafika mlangoni kwako, na mwenyewe atakwambia, "Nitolee tu picha zangu, hayo mengine sijali." Kabla hujashika bisibisi, ni vizuri kujua mambo haya yametoka wapi. Mbinu nyingi zinazozunguka mitaani zilikuwa na sababu zamani. Siku hizi ndizo zinazomalizia diski.

Kutoka tani moja hadi mfukoni

Diski ngumu ya kwanza kuuzwa ilitangazwa na IBM Septemba 1956. Iliitwa IBM 350, ikiwa sehemu ya mashine ya RAMAC, na ilitengenezwa San Jose, California, na kikosi cha mhandisi Reynold Johnson. Ilikuwa na sahani 50 zenye upana wa inchi 24, uzito wa karibu tani moja, na yote hayo yalibeba herufi milioni 5. Picha moja ya simu ya leo ingetosha kuijaza.

Kichwa cha kusomea cha mashine ile kilielea juu ya sahani kwa hewa ya kupulizwa, umbali wa maikromita 20 hivi. Katika diski za leo umbali huo ni nanomita chache tu, wakati unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Sasa piga hesabu: sahani ya diski ya kompyuta ya mezani huzunguka mara 7,200 kwa dakika, kwa hiyo ukingo wake unakimbia zaidi ya kilomita 120 kwa saa. Kwa kichwa hicho, punje moja ya vumbi la Turkana ni kama mwamba katikati ya barabara.

Ndiyo maana mwaka 1973 IBM ilitoa modeli ya 3340, maarufu kwa jina la Winchester, ambamo sahani na vichwa vilifungiwa pamoja ndani ya kasha moja. Mwaka 1980 Seagate wakatoa ST-506, diski ya inchi 5.25 yenye megabaiti 5, iliyotosha kompyuta ndogo. Hapo diski ikaanza kuingia majumbani na maofisini, na maradhi yake yakaja nayo.

Magonjwa mawili tofauti

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya. Kuna data iliyopotea kwenye diski nzima, na kuna diski yenyewe kuugua.

Ugonjwa wa kwanza ulipata dawa mapema. Mwaka 1982 Peter Norton alitoa Norton Utilities kwa kompyuta za DOS, na ndani yake programu ya kurudisha faili lililofutwa. Siri yake ilikuwa rahisi: DOS ikifuta faili haifuti maandishi yenyewe. Inabadilisha herufi ya kwanza ya jina, kisha inahesabu nafasi ile kuwa iko wazi. Mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, faili bado lipo. Kanuni ya kwanza ya uokoaji inatoka hapo: ukishapoteza kitu, usiandike chochote kwenye diski hiyo. Hata ile programu ya kuokoa usiisakinishe humo.

Ugonjwa wa pili ni wa mwili, na kwa muda mrefu watu wa nyumbani walikuwa na uganga tu. Kuigonga diski kidogo kwa kiganja kulisaidia baadhi ya diski za miaka ya 1980 na 1990, kwa sababu vichwa vilitua juu ya sahani na wakati mwingine vilinata. Kubadilisha ubao wa umeme kwa ubao wa diski nyingine ya modeli ileile kuliwezekana pia. Lakini diski za baadaye kila moja ina vipimo vyake yenyewe, vilivyohifadhiwa katika chipu ya ubao. Ukihamisha ubao bila chipu hiyo, diski haielewi sahani zake.

Halafu kuna ile ya friji. Bila shaka umeisikia: funga diski kwenye mfuko wa plastiki, ilaze usiku kucha kwenye friza, asubuhi itasoma. Chuma kikipoa husinyaa, na mara chache kilichokwama hulegea. Lakini itoe kwenye friza uiweke kwenye joto letu la nyuzi 35. Hata hewa hii yetu kavu ina mvuke wa kutosha kugeuka matone kwenye chuma baridi. Matone hayo juu ya sahani, na kichwa kinachoelea nanomita chache, huo ni msiba.

Programu huria zilizobadilisha mchezo

Mabadiliko ya kweli yalikuja na programu huria. Mwaka 1998 Mfaransa Christophe Grenier alianza TestDisk, ya kurudisha sehemu za diski zilizopotea, na baadaye PhotoRec, inayotafuta picha kwa kutambua alama za mwanzo wa faili bila kujali majina. Mwaka 2000 Klaus Knopper wa Ujerumani alitoa Knoppix, Linux inayowaka moja kwa moja kutoka CD, hivyo huhitaji kuwasha Windows iliyo ndani ya diski mgonjwa. Na mwaka 2004 Antonio Díaz Díaz alitoa GNU ddrescue.

Hii ya mwisho nataka tukae nayo kidogo. Programu ya zamani ya Unix, dd, hunakili kutoka mwanzo hadi mwisho, na ikikuta sekta mbovu kwa kawaida husimama. Programu nyingine hung'ang'ania sekta ile ile mara mia, huku kichwa kikiumia. Ddrescue ina busara ya mchungaji: kwanza okoa mbuzi walio karibu. Inanakili sehemu zote nzima, inaruka mbovu, kisha inarudi kidogo kidogo kwenye kingo za sehemu mbovu. Na kila hatua inaandika katika faili dogo la ramani: hapa nimepata, hapa bado, hapa pamekufa.

Kwa nini Kakuma

Ramani hiyo ndiyo inayonifanya niione programu hii kana kwamba iliandikwa kwa ajili ya kaunti yetu. Kambi ya Kakuma, kilomita 120 hivi kutoka Lodwar, ilifunguliwa mwaka 1992 vijana wa Sudan walipofika kwa miguu. Kakuma na makazi ya Kalobeyei leo vina karibu watu 300,000. Ripoti ya IFC ya mwaka 2018 ilihesabu zaidi ya biashara 2,000 kambini. Mwaka 2008 waandishi wakimbizi walianzisha gazeti lao la mtandaoni, Kakuma News Reflector, yaani KANERE. Kwa miaka mingi maduka na saiba za huko zimetegemea jenereta za watu binafsi. Jenereta ikizimwa usiku, kazi inasimama.

Fundi mmoja wa studio ya picha huko aliniletea diski ya gigabaiti 500. Ilikuwa na picha za harusi, za shule, na za familia zilizokwisha kuhamishiwa Marekani na Australia. Mtu aliyekimbia vita bila albamu, picha ya kwanza ya mama yake huenda ni ile iliyopigwa studio ile. Diski nzima ya ukubwa huo, kwa kasi ya megabaiti 50 kwa sekunde, humalizika chini ya saa 3. Hii ilichukua usiku 6. Stima ilipotea mara kadhaa, na kila iliporudi ddrescue ilisoma ramani yake ikaendelea pale ilipoachia. Tulipata sehemu kubwa, kisha PhotoRec ikafanya kazi juu ya nakala, si juu ya mgonjwa. Baadhi ya picha zilitoka nusu, chini kijivu kitupu. Zingine hazikutoka kabisa, na ilibidi mwenye studio awapigie wenyewe simu.

Kwa hiyo, utaratibu ni huu

Sikiliza kwanza. Ikigonga tak-tak-tak, au imeanguka, izime. Hiyo ni kazi ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi, na kila dakika unayoiwasha unapunguza bahati. Kama inazunguka vizuri lakini inasoma kwa shida, washa Linux kutoka fleshi, tafuta diski nyingine kubwa kuliko hiyo, na endesha ddrescue. Faili la ramani liweke nje ya diski mbovu. Usikubali Windows ikirekebishie diski kabla hujapata nakala. Uchunguzi wote baadaye ufanywe kwenye nakala.

Na usitegemee diski ikuonye. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya diski zaidi ya 100,000. Walikuta kwamba diski ikionyesha kosa la kwanza la usomaji, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ni mara 39 ya zile zisizo na kosa hilo. Lakini zaidi ya asilimia 56 ya zilizokufa hazikuwa zimetoa hata moja ya dalili nne kubwa. SSD nazo zina shida yao: nyingi husafisha kabisa nafasi ya faili lililofutwa, hivyo ule ujanja wa Norton wa 1982 mara nyingi haufui dafu.

Yule fundi wa studio siku hizi ana diski mbili, na kila Jumamosi moja hupanda gari kuja kwa ndugu yake hapa Lodwar. Kama una picha za watu wengine mkononi mwako, fanya hivyo wiki hii. Wakati mwingine tutaiangalia PhotoRec hatua kwa hatua, nikionyesha amri zote. Kwa herini.