Kisima hufuata shamba

Msikilizaji, ukiwa Muhuta au Rumonge unaliona ziwa, lakini kupandisha maji yake mpaka shambani kunataka mashine na mafuta. Kwa mkulima maskini, kisima ni nafuu. Pampu ya kukanyaga kwa miguu, inayotumika Kenya tangu miaka ya 1990, huvuta maji ya kina cha kama mita 7.

Lakini nani atachimba kisima kwenye ardhi ya mwenziwe? Mwaka 1972 wengi walikimbia Rumonge, na mashamba yao wakapewa wengine. Mkataba wa Arusha wa 2000 ukasema mkimbizi arudishiwe ardhi yake. Mwaka 2006 ikaundwa tume ya ardhi, CNTB.

Basi waeleze watoto wako mipaka ya shamba lenu, na majirani mliopakana nao. Haki ya kisima huanzia hapo.