Papa Wemba: mbali na ile picha ya Abidjan

Alfajiri ya Aprili 24, 2016, mwanamuziki wa Kongo Papa Wemba alianguka jukwaani Abidjan, Ivory Coast, katika tamasha la FEMUA, kamera zikimtazama. Alikuwa na miaka 66. Muongo mmoja baadaye, akitajwa tu, picha inayorudishwa ni hiyo. Mimi naomba irudishwe nyingine, ya mwaka 1987: akiigiza mwanamuziki wa kijijini aliyeingia Kinshasa kutafuta muziki wa magitaa ya umeme, katika filamu ya La Vie est belle.

Alizaliwa Juni 14, 1949, Lubefu, Kasai, akaitwa Jules Shungu Wembadio. Mama yake alikuwa mliaji wa matangani, na mtoto alifuatana naye. Hadi ukubwani alimtaja mama huyo kuwa mwalimu wake wa kwanza wa kuimba. Ndiyo maana hata katika nyimbo zake za kuchezeka, ile sauti nyembamba ya juu ina kilio ndani yake.

Alianza na Zaiko Langa Langa mwaka 1969, akapitia Isifi Lokole na Yoka Lokole, na mwaka 1977 akaunda bendi yake, Viva La Musica.

Hapo ndipo kilipozaliwa kisa kitamu kuliko vyote. Nyumbani kwao mtaa wa Matonge, vijana walijaa kutwa kucha. Papa Wemba akapatangaza kuwa kijiji, akakipa jina Molokai, kwa herufi za mwanzo za barabara tano za jirani: Masimanimba, Oshwe, Lokolama, Kanda-Kanda na Inzia. Yeye mwenyewe akajitawaza chifu wa jadi. Zama zile Rais Mobutu alikuwa amepiga marufuku suti na tai, akitaka wanaume wavae abacost, koti lisilohitaji tai. Vijana wa Molokai wakajibu kwa mtindo wa Sape: viatu vinavyong'aa, nguo za mafundi wa Paris, mwendo wa madaha. Wengi waliona ubishoo mtupu. Mimi naona kijana asiye na kitu akikataa kupangiwa sura na dola.

Kijiji hicho kilimwandaa kwa sinema. La Vie est belle iliongozwa na Ngangura Mweze, mzaliwa wa Bukavu, pamoja na Mbelgiji Benoît Lamy. Papa Wemba ni Kourou, anayeishia kuwa boi kwa tajiri mwenye klabu, na wote wawili wanamtaka binti mmoja, Kabibi. Mwanamuziki mwenzake Pepe Kalle naye yumo. Inachekesha kwelikweli, na Kinshasa ya miaka ile imehifadhiwa humo kwa mitaa yake na midundo yake.

Miaka ya 1990 alirekodi kwa lebo ya mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel, ikatoka albamu ya Emotion mwaka 1995. Mwaka 2004 mahakama ya Ufaransa ilimtia hatiani kwa kuwaingiza watu nchini humo kinyume cha sheria. Mwaka 2012 alionekana tena kwenye filamu, Kinshasa Kids.

UNESCO iliitambua rumba ya Kongo kuwa urithi wa utamaduni mwaka 2021, tukashangilia. Lakini muziki wa dansi wa Kongo umetuchezesha Afrika Mashariki tangu enzi za babu zetu, na bado televisheni zetu hazioni haya kutuonyesha mwanamuziki akikata roho huku filamu yake zikiiacha. Mtoto wa mliaji wa matanga ameliliwa vya kutosha. Sasa atazamwe akicheza.